Kwa nini goti halizunguki kama bega?

SWALI: Ndugu Daktari, mimi ni mama mkulima wa viazi mviringo huku Uporoto, Mbeya. Wakati wa kuvuna, nikigeuka ghafla mteremkoni kumpokeza mwenzangu mzigo, goti la kulia huchoma kwa ndani. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinieleza kwamba goti hufanya kazi katika bapa moja, ilhali bega hutumia yote matatu. Mabapa hayo ni yapi, na yanahusianaje na goti langu?

JIBU: Mama, mtaalamu huyo amekueleza vyema, ila ningeongeza kwamba goti lililokunjwa huzunguka kidogo, na huenda shida yako inaanzia hapo.

Wataalamu wa anatomia humchukulia mtu aliyesimama wima, uso na viganja vikielekea mbele, kisha hufikiria kata tatu zinazompitia: moja hutenganisha kulia na kushoto, nyingine mbele na nyuma, na ya tatu juu na chini. Kata hizo ndizo mabapa. Mguu unaopiga hatua hufuata bapa la kwanza, unaotanuliwa kando hufuata la pili, na ukiugeuza vidole vielekee nje, unafuata la tatu.

Kinachoamua kiungo kifuate bapa lipi ni umbo la mifupa yake. Begani, kichwa cha mviringo cha mfupa wa mkono hukaa kwenye kijishimo chenye kina kidogo cha kombe la bega, hivyo mkono huenda kila upande, ingawa bega nalo huteguka kwa urahisi. Goti ni tofauti kabisa. Vifundo viwili vya mfupa wa paja hukaa juu ya muundi, ambao uso wake wa juu ni karibu tambarare, na kati ya mifupa hiyo miwili vimo vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mwandamo. Ndiyo maana goti hukunjwa na kunyooka hasa katika bapa la kwanza, na likiwa limekunjwa tu ndipo huzunguka kidogo katika la tatu.

Jaribu mwenyewe. Keti kitini, kunja goti, weka kidole kwenye kinundu kilicho chini kidogo ya pia ya goti, kisha, kisigino kikiwa sakafuni, geuza vidole vya mguu nje na ndani. Utahisi kinundu kikihama. Sasa nyoosha mguu kabisa na urudie: paja lote litazunguka pamoja na mguu, kwa sababu kano zimelikaza goti na mzunguko wote unatoka nyongani.

Mteremkoni goti lako limekunjwa na unyayo umezama kwenye udongo, nawe unageuza kiwiliwili ukiwa na mzigo, hivyo mfupa wa paja husaga gegedu zilizobanwa chini yake. Nakusihi usigeuke kabla ya kuhamisha nyayo zako. Piga hatua ndogo mbili au tatu mpaka umwelekee mwenzako, ndipo umpokeze. Goti likivimba, au likikwama lisinyooke, usiendelee kubeba mizigo. Nenda hospitali likapimwe.