Pishi ya Saba

Ndugu Mhariri, wiki hii mmeuliza iwapo inafaa kumtaja mtoto aliyefariki pale familia inapokusanyika siku ya Idi, au kufanya hivyo ni kuwatia simanzi waliokuja kufurahi. Nilipolisoma swali nilijibu papo hapo, peke yangu jikoni: atajwe. Nimechoshwa na wanaotuambia tusimtoneshe kidonda mama yake, kana kwamba kidonda chenyewe kilishapona, na hasa asubuhi ile ambayo watoto wa jirani wanapita mlangoni na nguo mpya kuomba mkono wa Idi, naye anajua wa kwake angekuwa wa kimo gani.

Kwetu Chake Chake, mdogo wangu anayenifuata alifariki mwezi wa Rajabu kwa homa ya siku tatu, akiwa na miaka 6, nami nina 11. Ramadhani ilipokwisha na mwezi kuandama, baba alitandika jamvi kupima mchele wa fitri kama kila mwaka. Fitri ni hesabu ya vichwa: kila aliyemo nyumbani, mkubwa kwa mdogo, hutolewa pishi moja, yaani vibaba vinne, na ifike kwa maskini kabla ya sala ya Idi. Baba alikuwa na kibaba cha bati kilichobonyea ubavuni; alikijaza, akakipangusa juu kwa kiganja, akakimimina huku akimtaja mwenye fungu kwa kufuata umri. Huyu bibi yenu, huyu mimi, huyu mama yenu. Aliponimaliza mimi, mkono ukaendelea wenyewe. Vibaba vitatu vilikuwa vimekwisha kumwagwa alipogutuka, cha nne kimejaa mkononi, na wadogo zangu wawili waliobaki wakimtazama wakingoja kutajwa. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa unga wa maandazi. Alisema neno moja tu: "Mimina."

Kisheria haikuwa fitri. Wajibu humhusu aliye hai jua la siku ya mwisho ya Ramadhani linapokuchwa, na sisi wa madhehebu ya Shafii tumefundishwa kwamba hata anayefariki baada ya hapo, usiku ule ule, bado hutolewa. Aliyetangulia Rajabu hayumo. Baba aliyajua hayo vizuri, ndiyo maana fungu lile alilitia katika kikapu cha peke yake na kulinuia sadaka. Lakini mwaka uliofuata yalikuwa saba tena, na mwaka wa baada yake, bila mtu kusema lolote. Nilipoolewa, fitri yangu ilihamia kwa mume wangu na fungu langu likaondoka jamvini. La mdogo wangu lilibaki.

Nilianza kuandika ili niwalaumu wanaonyamaza, na sasa sina hakika tena kwamba wazazi wangu walinyamaza. Aliyepiga kelele ni mimi, mwaka mmoja nikiwa tayari na watoto wangu, nilipomtaja kwa sauti mbele ya sinia la pilau na kujiona jasiri. Mama aliacha kula, akaenda kunawa, na hakurudi hadi sahani zilipokwisha kuondolewa.

Kwa hiyo jibu langu silo lile la jikoni. Mtoto na atajwe ikiwa mama yake ndiye anayemtaja. Akichagua njia nyingine, sisi wengine tuisubiri. Nasema hivi kwa nyumba yetu. Ziko nyumba ambazo mama hunyamaza kwa kuogopa mawifi na wakwe, na hizo nisingependa zijifiche nyuma ya maneno yangu.

Baba naye ametangulia, na mchele siku hizi hupimwa na mdogo wangu wa mwisho kwa kibaba kile kile. Utaona, Mhariri, kwamba jina la marehemu sikuliandika. Jarida hili hufika kwetu, mama husomewa na wajukuu, na bado sijamwuliza.