Mboga za friza zimeshaonja moto, usizipike kama mbichi

Kabla hazijagandishwa, njegere, brokoli au karoti hutumbukizwa kwenye maji ya moto au kupitishwa kwenye mvuke kwa dakika chache. Lengo ni kuua vimeng'enya (protini zinazoharakisha mabadiliko ndani ya mboga), kwani hivyo huendelea kula rangi, ladha na vitamini hata ndani ya friza. Sehemu ya vitamini C na foleti (vitamini B9) hupotea hapo. Kilichobaki hutulia vizuri kwa miezi kadhaa kwenye nyuzi -18. Basi ukizipa muda uleule wa mboga mbichi, umezidisha.

Mwizi mkubwa jikoni ni maji. Vitamini C, B1 na foleti huyeyuka majini, na barafu imeshapasua kuta za seli, kwa hiyo hazina cha kuzizuia. Chemsha brokoli dakika 10 kwenye sufuria iliyojaa, kisha mwaga yale maji ya kijani: sehemu nzuri ya ulichokilipia imekwenda na maji. Kwenye supu afadhali, maana maji utayanywa. Kuziacha ziyeyuke kwanza kwenye bakuli nako ni hasara, kwani majimaji yanayochuruzika yana vitamini zilezile. Zitoe kwenye friza, ziende motoni na barafu yake.

Kwa gramu 300, vijiko vitatu vya maji vinatosha. Tumia sufuria pana, maji yachemke kwanza, tia mboga, funika, moto uwe mkali. Njegere dakika 3, brokoli 4 hadi 5, maharage machanga 5 au 6. Spinachi haitaki maji kabisa, barafu yake inaitosha. Maikrowevu, ambayo wengi huiogopa bure, hufanya kazi hii vizuri kwa sababu haihitaji maji mengi wala muda mrefu: bakuli lenye kifuniko, kijiko kimoja cha maji, dakika 3, koroga, ongeza moja au mbili.

Rangi itakwambia. Kijani kikikolea na kung'aa, epua. Kikishafifia na kuwa kama cha zeituni, umechelewa. Usitie magadi kukiokoa: rangi itabaki, lakini vitamini C na B1 zitaharibika.

Karoti na spinachi zimalizie na kijiko cha mafuta, maana beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, hufyonzwa vizuri ikiwa na mafuta. Brokoli nayo, kwa ule moto wa mwanzo, hupoteza kimeng'enya kinachotengeneza salforafani, kemikali ya mmea inayosifiwa kwa faida zake kiafya. Nyunyizia unga wa mbegu za haradali ikishaiva, una kimeng'enya cha aina hiyohiyo.

Ila usivuke mpaka ukazila bila kupika kwa kuogopa kupoteza vitamini. Ule moto wa mwanzo si wa kuivisha, na bakteria wa listeria, wanaoweza kukuletea ugonjwa, huvumilia baridi ya friza. Mboga zitoke zinafuka mvuke hadi katikati, nyuzi 74 kama una kipimajoto.