Barakoa ya vumbi haizuii mvuke wa petroli

Mwenzetu ameuliza kama mdogo wake, anayetarajia kuanza kazi ya kupakia malori ya mafuta hapa Kisumu, atakuwa salama akivaa barakoa ya vumbi. Kazi hiyo nimeifanya Nakuru na baadaye huku, na jibu langu ni hapana: vumbi hunaswa na kitambaa, ilhali mvuke wa petroli hupita pamoja na hewa anayoivuta. Kinachoweza kuuzuia ni kichujio cha mkaa maalumu, ambacho nacho hushiba na hakina budi kubadilishwa.

Hata hivyo, aulize kwanza iwapo malori hupakiwa kutoka juu au kutoka chini. Katika yadi moja niliyofanyia kazi tulipanda juu ya tangi, tukafungua mfuniko na kuteremsha bomba. Petroli ilipoingia, mvuke uliosalia kutoka safari iliyotangulia ulisukumwa nje, na jua likiwa kali uliuona ukitetemeka mdomoni mwa tangi, mbele kabisa ya uso wako. Bomba lisipofika karibu na sakafu ya tangi, mafuta hurukaruka na mvuke huzidi. Jambo ambalo wageni hawalitarajii ni kwamba hata lori linalopakia dizeli hutoa mvuke wa petroli, ikiwa petroli ndiyo lililobeba mwanzo.

Kwa upakiaji wa chini mifuniko hubaki imefungwa, na mpira wa pili huupeleka mvuke kwenye mtambo unaourudisha kuwa mafuta. Mpira huo usipokuwapo, mvuke hutoka vilevile, ila mbali kidogo na pua ya mpakiaji, na majirani ndio wanaoupokea.

Ndani ya mvuke huo mna kemikali ya benzini, inayosababisha saratani ya damu. Marekani kikomo chake kazini ni sehemu 1 katika milioni ya hewa, kwa wastani wa saa 8. Asiitegemee pua, kwa maana pua huzoea, na anayesema hasikii tena harufu huenda anaivuta kama kawaida.

Vifaa vya kujikinga ni wajibu wa mwajiri chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, kwa hiyo asivinunue kwa mshahara wake. Kabla ya siku ya kwanza apimwe damu, chembe zote zihesabiwe, na nakala ya majibu aiweke nyumbani, ili vipimo vya baadaye viwe na cha kulinganishwa nacho.