Fuso lisipande slabu ya mtaro wako, hata dalali aape

Mkuu, simama hapo hapo. Umeandika kwamba unafungua duka la vifaa vya ujenzi Mwanga, hapa Kigoma, fremu iko kwenye mteremko, mbele kuna mtaro wa mawe na fundi ameshakumwagia slabu. Dalali wa magari amekuhakikishia kuwa Fuso litaingia rivasi mpaka mlangoni lishushe saruji mifuko 200. Ndipo ukauliza bei ya makuli, saa nzuri ya kushusha, na kama manispaa wanataka kibali. Hayo baadaye. La rivasi lifute leo leo, kabla hujatuma hata advansi.

Nimeshalipia hilo somo hapa hapa Kigoma, na nimelilipia ghali. Fremu yangu ilikuwa hivyo hivyo, barabara inashuka, mtaro unapita kati ya lami na kibaraza, slabu mpya ina wiki chache tu. Dalali akaja na maneno matamu: "Bosi, slabu hii inabeba hata treni. Ukishushia barabarani makuli watakumaliza." Dereva alikuwa mgeni, ametoka Dar, kachoka na safari. Alishuka, akaitazama ile slabu, akainama kuchungulia chini yake, akaniuliza, "Hii ina nondo?" Kabla sijafungua mdomo dalali akajibu, "Ipo, ipo, rudi." Yule dereva aliona jambo. Mtu anayeishi na uzito wa gari kila siku akiuliza swali, asijibiwe na mtu anayesubiri kamisheni.

Likarudi. "Njoo, njoo, kata kulia, njoo." Tairi za nyuma zikapanda, slabu ikatulia, watu wakaanza kusogea kushusha. Halafu upande wa kushoto ukingo ukakatika, pale slabu ilipokuwa imelalia udongo tu, maana mvua zilikuwa zimeshakula chini yake na hakuna aliyeona. Tairi pacha zikazama mpaka ekseli ikalala kwenye mawe. Bodi likaegemea fremu ya jirani fundi cherehani, likakunja bati la kibaraza chake. Mifuko ya juu ikateleza upande ule ule, ikapasukia mtaroni, na mtaroni kulikuwa na maji ya mvua ya asubuhi. Kufika jioni ile saruji ilishashika. Mtaro ukaziba, mvua iliyofuata ikaingia dukani kwa watu.

Sasa hesabu nani alilipa. Saruji iliyoharibika, mimi. Bati la jirani, mimi. Gari la kuja kulivuta Fuso, springi iliyokatika, hela ya dereva na utingo kulala, vijana wa kupasua saruji mtaroni kwa nyundo na tindo, slabu mpya, yote mimi, kwa sababu mwenye gari alisema wazi: barabara inaishia kwenye lami, huko ndani wewe ndiye uliyemwelekeza dereva. Na dalali? Simu ikazimwa saa ile ile. Kamisheni alikuwa ameshaichukua asubuhi kabla gari halijafika. Nikikumbuka bado napandwa na hasira, na nikisoma maneno yako naona ni sauti ile ile. Akikuambia inabeba treni, mwambie stesheni ipo pale mjini chini, aanze kujaribia huko.

Wala usidhani nilikuwa na bahati mbaya tu. Fuso la ekseli mbili likibeba mifuko 200 limebeba tani 10 za saruji juu ya uzito wake lenyewe. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 ya kudhibiti uzito wa magari inaruhusu tani 10 kwenye ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne. Maana yake kila upande, kwenye eneo dogo zinapogusa tairi mbili, pana karibu tani 5. Ukirudi rivasi, ekseli hiyo nzito ndiyo inayotangulia kupanda. Kuli na mfuko wake wa kilo 50 kichwani ni kama kilo 120 hivi. Fundi wako alimwaga slabu kwa ajili ya wateja na labda pikipiki. Muulize aliweka nondo za unene gani, zimekaa juu au chini, na slabu imelalia nini pande zote mbili. Akianza kukuambia "usijali, zege ni zege", umeshapata jibu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na siipunguzi: gari lenye mzigo linabaki kwenye lami, mzigo ndio unaovuka mtaro. Haijalishi mvua inanyesha, haijalishi makuli wanalalamika umbali.

Ninavyofanya sasa: gari linasimama sambamba na ukingo wa barabara, si kwa kukingama. Dereva anakata usukani tairi za mbele zielekee ukingo, anaacha gia ndani, utingo anaweka kabari kwenye tairi upande wa mteremkoni, maana kwetu huku barabara nyingi zinaangalia ziwa na gari likiponyoka halina pa kusimama. Kabari za mti mgumu nimechongesha zangu, zinakaa stoo. Wengi wanakuja na jiwe la kuokota. Juu ya mtaro nalaza mbao nene mbili zilizounganishwa, makuli wanapita hapo. Kama fremu iko mbali na lami, toyo au guta linabeba mifuko kidogo kidogo.

Na ukiona gari limeinama upande mmoja kwa sababu barabara imelala, anza kushusha upande ulioinama. Makuli watataka kuanzia upande wa juu kwa kuwa ndio ulio karibu nao au una kivuli. Kataa. Ukitoa uzito wa juu kwanza, wa chini unazidi kulivuta gari, na hapo tena unamtafuta wa kuja kulivuta.

Kitu kingine ambacho hakuna atakayekuambia: gari tupu linanyanyuka. Linaingia limekaa chini kwa uzito, bodi linapita chini ya bati la kibaraza au waya wa umeme bila kugusa. Mkimaliza kushusha, springi zimeinuka, linapoondoka linabeba bati la mtu. Angalia nafasi ya juu kwa gari tupu. Hili nalo linaisha ukiliacha gari kwenye lami mbali na vibaraza.

Makuli, patana nao kwa mfuko, si kwa siku, na wapatane wakiwa wameuona mtaro na umbali wenyewe. Bei ikipanda kidogo kwa ajili ya kuvuka mbao, lipa. Mimi ningelipa mara kumi yake siku ile.

Jioni hii nenda pale na futi kamba. Pima kutoka ukingo wa lami mpaka mlangoni, na upana wa mtaro. Kisha inama uchungulie chini ya slabu kwa tochi, hasa ule upande maji yanakotokea, uone kama udongo bado upo. Piga picha, weka hapa. Na huyo dalali usimpe hata shilingi mpaka dereva mwenyewe afike, ashuke, na aseme kwa mdomo wake atasimamisha gari wapi.