Magugu yasiyokufa: maswali yenu na majibu

*Nimepiga glaifoseti, ile dawa ya kuua magugu, mara tatu na nyasi ziko palepale. Dawa ni feki? (Ganda)*

Kila mtu feki, feki, na hakuna hata mmoja anayeniambia maji katoa wapi! Kama ni ya mto Sabaki, yale mekundu ya matope, dawa inaganda kwenye udongo ulioko majini na jani halipati kitu, na kama ni ya kisima cha mawe ambayo sabuni haitoi povu, chokaa yake inaifunga vilevile. Tumia maji safi ya mvua. Halafu acha kupunguza kipimo eti chupa ifike shamba la pili, soma jibu lifuatalo.

*Seli za mmea zilizokuzwa maabara zinapataje usugu? (mwanafunzi, Lamu)*

Ahsante mwanangu, hili ndilo swali. Glaifoseti inaziba kimeng'enya kimoja, yaani protini inayoendesha kazi ndani ya mmea, kinaitwa EPSPS, bila hicho mmea hautengenezi asidi amino tatu (matofali ya kujengea protini) unazozihitaji, unakufa. Sasa wataalamu walichukua seli za petunia, lile ua la bustani, wakazipa dawa kidogo, zilizopona wakaziongezea, hivyo hivyo polepole, na mwaka 1986 ikaonekana jeni ya kimeng'enya hicho imejirudufu kama mara 20, yaani kimekuwa kingi mpaka dawa haikimalizi. Kwa tumbaku na klosulfuroni, dawa nyingine ya magugu, ilikuwa vingine, kimeng'enya inachokiziba, kinaitwa ALS, chenyewe kiligeuka umbo, dawa ikakosa pa kushika. Kidogo, kisha kidogo tena, zinabaki zilizo sugu tu: si ndio unachofanya shambani na nusu kipimo chako? Marekani mchicha pori umeshakutwa na nakala zaidi ya 100 za jeni hiyo, na hakuna aliyeukuza kwenye chupa, ni mashamba tu. Hili linanitisha kwelikweli.

*Nikibadilisha kampuni je?*

Soma kiambato. Kama ni glaifoseti, ni ileile.

*Mbona inaua mmea na mtu haimuui?*

Kimeng'enya hicho binadamu hana, wala mbuzi. Lakini msijidanganye, kwenye chupa mna na vitu vingine vya kuifanya ishike jani, na watu wamekufa kwa kuinywa. Nimeshasema na nasema tena, dawa haiwekwi kwenye chupa ya soda, mtoto akiona rangi anajua ni kinywaji!

*Zilizobaki baada ya dawa nizifanyeje?*

Jembe, tena mapema kabla hazijatoa mbegu. Hasa lile jani jamaa ya wimbi, Eleusine indica, maana Malaysia lilishapata usugu tangu miaka ya 1990 na huku pwani limejaa.