Kabla ya Kununua Shamba Kando ya Mto, Uliza Zamu ya Maji

Anayetafuta shamba kwenye miteremko ya Kilimanjaro huuliza bei, mipaka na barabara. Mimi nimelima mboga kwa maji ya mfongo, yaani mfereji wa asili wa Wachagga, kwa miaka mingi, na nakushauri uanze na swali jingine: zamu ya maji ya shamba hili ni siku gani, na anayeigawa ni nani?

Kupakana na mto si kupata maji. Mifongo ya Wachagga ilikuwepo kabla ya wakoloni, na mpaka leo ina wenyewe. Kuna kamati, kuna siku ya kusafisha, na asiyetokea na jembe hutozwa faini. Hudhuria kikao chao kabla hujatoa hata shilingi. Kaa nyuma usikilize. Wakigombania maji ya usiku, jua kiangazi cha hapo ni kigumu. Shamba lenyewe likague wakati wa ukame, maana Aprili kila mto umejaa na utadanganyika.

Muuzaji atakuonyesha mpaka ulio majini kabisa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, kwa hiyo zitoe mita hizo kwanza ndipo uhesabu unanunua ekari ngapi za kulima. Ukitaka kufunga pampu, omba kibali Bodi ya Maji Bonde la Pangani. Mikuyu ya ukingoni iache. Mikaratusi usiipande karibu na chemchemi, inakunywa mno.

Halafu wafikirie walio chini yako. Mito ya kusini mwa mlima huingia mto Kikuletwa, unaopokea pia maji ya mlima Meru, ikafika bwawa la Nyumba ya Mungu kwa wavuvi, kisha mitambo ya umeme ya Hale, hadi mji wa Pangani. Huko mto ukipungua nguvu, maji ya chumvi hupanda kutoka baharini na kuharibu mashamba. Inaniuma kuona mtu ameacha maji yamwagike barabarani usiku kucha huku wenzake wakiyahitaji hivyo.

Zamu yako ikiisha, funga mwenyewe, usingoje wa chini apande kukufungia. Mimi humpigia simu jirani kabla sijafunga, ili maji yamkute tayari yuko shambani na jembe mkononi.