Re: Mota inachemka bila mzigo baada ya kusukwa upya

Habari mkuu. Kwa hiyo mota yako uliyoisuka upya ni fezi 3, sloti 36 (mifereji ya waya), poli 4 (ncha za sumaku), koili 6 kila fezi za raundi 40, umeunga delta (pembetatu, kila fezi inapata volti zote) kwenye volti 400 na inachemka hata bila mzigo. Kabla hujabomoa waya angalia kibati cha maelezo kwenye mota, kikisema volti 230/400 basi kwenye 400 inataka star (ncha tatu zinaungwa pamoja, kila fezi inapata kama volti 230), delta ni ya 230 tu.

Piga hesabu uone. Raundi kwa fezi ni 240, flaksi (kiasi cha sumaku kwa kila poli) ni 400 ÷ (4.44 × 50 × 240 × 0.96), 4.44 ni namba ya fomula, 50 ni hezi za umeme, hiyo 0.96 ni fakta ya waindingi wako (kipunguzo cha koili kutawanywa kwenye sloti), unapata kama weba 0.0078. Eneo la poli moja kwa kipenyo cha ndani sm 10 na urefu sm 10 ulivyotaja ni 3.14 × 0.1 × 0.1 ÷ 4, yaani 0.00785, so ukigawa flaksi kwa eneo, wastani unagonga tesla 1 na hapo meno ya stata (chuma kati ya sloti) yameshashiba sumaku zamani, ampia lazima zipande ovyo. Star inashuka mpaka 0.57 hivi, mota ndogo nyingi zinaivumilia.

Badilisha muungano kwanza ndo upime ampia za fezi zote tatu kwa klampu mita (mita ya kubana waya). Zikipishana sana, tafuta shoti kwenye koili. Kibati kinasemaje?